SOMO LETU: SOMA KWANZA, ULIPE BAADAYE

Namna ya kutambua dawa bandia za kuotesha nywele zinazouzwa kwa simu

Katika somo letu la leo tutajifunza jambo lililoingia vijijini kwa njia ya simu. Siku hizi mtu akiwa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kununua kitu bila kwenda dukani. Anaona picha kwenye simu, anatuma hela kwa simu, na mzigo unaletwa na basi mpaka stendi. Hilo ni jambo jema. Mkulima anapata pampu ya maji, fundi cherehani anapata vitambaa, wala hakuna aliyepoteza siku nzima kwenda na kurudi Mwanza.

Lakini njia hiyo hiyo hutumiwa pia na walaghai. Kitu kimoja wanachopenda kuuza ni dawa ya kuotesha nywele. Kwa nini nywele? Kwa sababu mtu ambaye nywele zake zinanyonyoka huona haya. Hapendi kwenda kujieleza zahanati mbele ya watu. Kwenye simu hakuna anayemwona. Mlaghai anaijua haya hiyo, naye anaifanyia biashara.

Baada ya somo hili, msomaji aweze:

1. Kutaja sababu za nywele kunyonyoka.
2. Kulisoma tangazo na kuona palipo na uongo.
3. Kuisoma lebo ya dawa kabla ya kuitumia.
4. Kujua pa kwenda akishadanganywa.

SEHEMU YA KWANZA: KWA NINI NYWELE HUNYONYOKA?

Kwanza tusiogope bure. Kila mtu hupoteza nywele kila siku. Nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida, na nyingine huota mahali pake. Zikizidi hapo, au kichwa kikianza kuonekana ngozi, ndipo tuulize sababu. Sababu ni nyingi. Hizi ni baadhi:

Urithi. Baba alikuwa na kipara, na mtoto anakipata. Wanawake pia hurithi, ila kwao nywele hupungua katikati ya kichwa. Huu si ugonjwa wa kuambukiza wala si laana.

Kusuka kwa kukaza. Rasta nzito na misuko inayovuta ngozi hung'oa nywele za mbele na za pembeni. Ukilegeza mapema, nywele hurudi. Ukiendelea miaka mingi, mizizi hufa na nywele hazirudi tena.

Dawa za saluni. Dawa ya kulainisha nywele ni kali. Ikikaa kichwani kupita muda wake huunguza ngozi na kukata nywele.

Mapunye. Haya huwapata zaidi watoto. Husababishwa na fangasi, na huambukizwa kwa vitana, kofia na mashine za kunyolea. Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa vidonge vya hospitali. Kupaka peke yake hakutoshi, kwa kuwa fangasi wamo ndani ya unywele.

Kujifungua, homa kali na shida kubwa. Miezi miwili au mitatu baada ya mambo hayo nywele nyingi huweza kudondoka kwa pamoja. Mama mzazi asihangaike. Kwa kawaida nywele zake hurudi zenyewe kabla mtoto hajamaliza mwaka au baada ya hapo kidogo.

Upungufu wa damu na magonjwa mengine. Mwili ukikosa madini ya chuma, nywele hupungua. Ugonjwa wa tezi ya shingoni hufanya hivyo pia.

Sasa tuone maana yake. Sababu ni sita, na tiba zake ni tofauti. Mwenye mapunye anahitaji vidonge. Mwenye upungufu wa damu anahitaji kupimwa damu. Aliyesuka kwa kukaza anahitaji kufumua. Basi mtu asiyekuona, asiyekupima wala kukuuliza neno, anajuaje dawa inayokufaa? Hawezi kujua.

SEHEMU YA PILI: JE, IPO DAWA YA KWELI?

Ndiyo, ipo. Ni vizuri tuijue, maana asiyejua kitu cha kweli hawezi kukitambua cha bandia.

Dawa inayojulikana zaidi duniani huitwa minoxidil. Ilianza kama kidonge cha kushusha shinikizo la damu, na huko Marekani iliruhusiwa kwa kazi hiyo mwaka 1979. Madaktari wakaona kwamba waliokuwa wakimeza kidonge hicho walikuwa wakiota nywele. Ndipo ikatengenezwa dawa ya maji ya kupaka kichwani, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1988. Dawa hii husaidia hasa kipara cha urithi. Haitibu mapunye wala upungufu wa damu.

Tuangalie vizuri jinsi inavyofanya kazi:

• Haifanyi kazi kwa siku saba. Mtu hupaka kila siku kwa miezi minne au zaidi ndipo aone mabadiliko.
• Haisaidii kila mtu. Wengine huota nywele kidogo, wengine hawaoti.
• Ukiacha kupaka, nywele zilizoota hudondoka tena.
• Ikimezwa, hasa na mtoto, ni hatari. Huweza kushusha shinikizo la damu kupita kiasi.
• Mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, na mama mjamzito au anayenyonyesha, asiitumie bila kumwona daktari.

Ipo pia dawa ya kumeza iitwayo finasteride. Hutolewa kwa wanaume kwa ushauri wa daktari. Mama mjamzito haruhusiwi kuimeza wala kushika kidonge chake kilichovunjika, kwa sababu huweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Sasa fikirini mtu anayemtumia mama kidonge cha namna hiyo kwa basi, bila hata kumuuliza kama ana mimba!

Na mafuta ya nyonyo je? Mafuta hayo hulainisha nywele zisikatike ovyo, na bei yake ni nafuu. Lakini haijathibitishwa kwamba yanaotesha nywele mahali palipo na kipara. Ayapake apendaye, ila asiuziwe kwa bei ya dawa.

SEHEMU YA TATU: TULISOME TANGAZO

Hapa chini ni tangazo tulilolitunga kwa ajili ya somo. Matangazo ya kweli yanafanana nalo sana. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize.

“DAWA YA NYWELE KUTOKA ULAYA! Nywele zinaota ndani ya siku 7 tu! Inatibu kipara, mba, mapunye, mvi na uchovu wa mwili. Haina madhara yoyote. Imethibitishwa na madaktari bingwa. Bei ilikuwa shilingi 90,000, LEO TU shilingi 35,000. Zimebaki chupa 3. Tuma hela kwa namba hii, mzigo unakuja na basi. Hela ikishatumwa hairudishwi.”

Sasa tulichambue, sentensi moja moja.

“Kutoka Ulaya.” Ulaya ni nchi nyingi. Ni nchi gani? Kiwanda gani? Mji gani? Bidhaa ya kweli ina jina la mtengenezaji na nchi yake. Neno Ulaya peke yake halitoshi.

“Ndani ya siku 7.” Tufanye hesabu. Nywele za binadamu hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, yaani milimita 10 kwa siku 30. Kwa siku 7 ni 10 gawanya kwa 30, zidisha kwa 7. Jibu ni milimita 2 na kidogo. Hiyo haifiki hata unene wa punje ya hindi. Na hapo ni kichwa chenye nywele nzima! Basi picha ya mtu mwenye kipara Jumatatu na nywele ndefu Jumatatu inayofuata ni uongo. Penseli yako imekuonyesha.

“Inatibu kipara, mba, mapunye, mvi na uchovu.” Tumeshaona kwamba kila tatizo lina sababu yake. Dawa inayotibu kila kitu, jihadhari nayo.

“Haina madhara yoyote.” Dawa yenye nguvu ya kutibu huweza pia kudhuru ikitumiwa vibaya. Ndiyo maana dawa halali huja na karatasi ya maelezo inayotaja madhara yake. Anayetaja madhara ndiye anayesema kweli.

“Imethibitishwa na madaktari bingwa.” Nani? Wa hospitali gani? Hapa Tanzania dawa haithibitishwi na daktari mmoja. Husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa kifupi TMDA.

“Bei ilikuwa 90,000, leo 35,000.” Nani aliwahi kulipa 90,000? Bei ya kwanza huandikwa ili ya pili ionekane ndogo.

“Leo tu. Zimebaki 3.” Maneno haya yana kazi moja: kukuzuia usiulize mtu. Rudi kesho uone. Utakuta bado ni “leo tu” na bado “zimebaki 3”.

“Hela hairudishwi.” Hapa amesema kweli!

SEHEMU YA NNE: MAZUNGUMZO

Mazungumzo haya ni mfano. Yasomwe na watu watatu: shangazi, binti wa kaka yake, na muuzaji. Shangazi ni mkulima wa pamba katika kijiji kimoja cha Bunda. Ameshika simu.

BINTI: Hodi! Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Karibu. Marahaba mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Hebu nisaidie kutuma hela hii, shilingi elfu thelathini na tano.

BINTI: Unamtumia nani, shangazi?

SHANGAZI: Yuko mtu anauza dawa ya nywele. Tazama hapa mbele, zimekwisha. Nikienda kanisani sivui kitambaa. Nimeuza pamba, nikasema mwaka huu nijitibu.

BINTI: Pole shangazi. Muuzaji huyu unamfahamu?

SHANGAZI: Simfahamu. Nimeona picha tu. Ameniita “mama yangu mpendwa”.

BINTI: Basi tumpigie kwanza, tumuulize maswali matatu. Weka sauti kubwa nami nisikie.

(Anapiga.)

MUUZAJI: Habari mama yangu! Umeshatuma?

SHANGAZI: Bado mwanangu. Nataka kuuliza. Dawa hiyo ina nini ndani?

MUUZAJI: Ni mitishamba, mama. Asilia kabisa.

SHANGAZI: Mitishamba gani? Na imetengenezwa wapi?

MUUZAJI: Mama, wateja ni wengi. Wewe tuma tu, maelezo yapo kwenye boksi.

SHANGAZI: Nisomee basi yaliyoandikwa kwenye boksi. Na duka lako liko wapi, ndugu yetu aje aione?

MUUZAJI: Duka ni la kwenye simu. Mama, kama hutaki wapo wanaotaka.

(Simu inakatika.)

SHANGAZI: Kumbe! Amenikatia.

BINTI: Si unaona, shangazi? Mwenye mali ya kweli haogopi kuulizwa. Sasa niambie, mbali na nywele unajisikiaje?

SHANGAZI: Mwili hauna nguvu. Nikiinuka nasikia kizunguzungu. Nilidhani ni kazi ya shamba.

BINTI: Kesho twende kituo cha afya ukapimwe damu. Huenda nywele zinatoa taarifa tu, na ugonjwa uko kwingine.

Wasomaji, yaangalieni maneno hayo ya mwisho. Shilingi 35,000 ni hasara, lakini hela hutafutwa tena. Hasara kubwa zaidi ni kupaka maji ya rangi kichwani kwa miezi mitatu huku damu inapungua mwilini, au huku mapunye ya mtoto mmoja yanahamia kwa wenzake wote nyumbani.

SEHEMU YA TANO: TUSOME BOKSI NA CHUPA

Tuseme mzigo umefika. Usifungue chupa kwanza. Soma. Bidhaa ya kweli huwa na mambo haya:

1. Jina la dawa, na viambato vyake, yaani vitu vilivyomo ndani, pamoja na kiasi chake. Minoxidil ya kupaka, kwa mfano, huandikwa asilimia 2 au asilimia 5.

2. Jina la mtengenezaji na nchi yake.

3. Namba ya toleo. Mara nyingi huandikwa “Batch”, “B.No.” au “Lot”. Hii ni namba ya dawa zilizotengenezwa kwa pamoja.

4. Tarehe ya kutengenezwa. Huandikwa “MFG” au “MFD”.

5. Tarehe ya mwisho wa matumizi. Huandikwa “EXP”.

6. Namna ya kutumia, na tahadhari.

Sasa linganisha boksi na chupa. Namba ya toleo iliyo kwenye boksi lazima ifanane na ya kwenye chupa. Tarehe nazo zifanane. Zikitofautiana, chupa hiyo haikuzaliwa ndani ya boksi hilo.

Angalia pia mambo haya: Je, kizibo kimeshafunguliwa? Je, lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine? Je, maandishi yanafutika kwa kidole kilicholowa? Je, jina lina herufi iliyokosewa? Walaghai hupenda kuiga jina kubwa na kubadili herufi moja tu. Macho yanayopita haraka hayaoni. Msomaji anayefuata herufi kwa kidole chake ataona. Kwa hiyo wewe uliyejifunza kusoma ukubwani usione haya kusoma polepole. Hapa upole wako ni faida.

Na kuhusu alama za serikali je? Tukumbuke mgawanyo huu. Dawa za kutibu husimamiwa na TMDA. Vipodozi, kama mafuta, sabuni na losheni za kawaida, husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zamani dawa, chakula na vipodozi vyote vilikuwa chini ya TFDA. Mwaka 2019 kazi zikagawanywa: chakula na vipodozi vikaenda TBS, na TFDA ikawa TMDA. Kwa hiyo muuzaji akikwambia leo kwamba bidhaa yake mpya imepitishwa na TFDA, muulize mwaka gani.

Neno “dawa ya nywele” linatuchanganya hapa. Saluni huita dawa hata kile cha kulainisha nywele, ambacho ni kipodozi. Mlaghai hutumia mchanganyiko huo. Akiulizwa cheti cha dawa husema ni kipodozi. Akitaka kuuza husema ni dawa ya kutibu. Mwambie achague moja.

Alama peke yake isikutoshe, maana nayo huweza kuchapishwa na mlaghai. Alama ni shahidi mmoja. Tafuta mashahidi wawili au watatu: namba zinazofanana, duka linalojulikana, na mfamasia aliyeitazama.

SEHEMU YA SITA: YALIYOTOKEA TARIME MWAKA 2012

Pengine mtu atasema: “Mambo ya bandia ni ya mijini. Huku kwetu Mara hayafiki.” Yamekwisha kufika. Mwaka 2012 ilibainika kwamba katika Hospitali ya Wilaya ya Tarime, hapa hapa mkoani kwetu, kulikuwa na dawa bandia za ARV, zile za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Makopo yalikuwa na jina la dawa na namba ya toleo. Waliokagua ni watu wa TFDA ya wakati ule. Serikali ikaamuru toleo lile lisitumike tena.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kama bandia iliweza kuingia mpaka stoo ya hospitali, yenye wafamasia na wakaguzi, basi chupa inayotoka kwa mtu asiyejulikana, bila mkaguzi hata mmoja njiani, ina hatari zaidi. Pili, ile namba ndogo ya toleo ina kazi kubwa. Kwa namba hiyo dawa mbaya huweza kutafutwa nchi nzima na kuondolewa, na dawa nzuri zikabaki. Ndiyo sababu tunasema usitupe boksi. (Jambo hilo la Tarime lisimfanye mtu yeyote kuacha ARV anazopewa kliniki. Tatizo liligunduliwa kwa sababu ukaguzi upo.)

Duniani pia hali ni hiyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu dawa 1 katika kila 10 ni duni au bandia.

SEHEMU YA SABA: HATUA ZA KUFUATA

Kabla ya kununua:

Hatua ya 1. Nenda kwanza zahanati au kituo cha afya. Uliza sababu ya nywele kunyonyoka. Kama ni lazima utapelekwa hospitali ya wilaya, au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Musoma.

Hatua ya 2. Ukiambiwa ununue dawa, nunua famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Omba risiti.

Hatua ya 3. Kama lazima ununue kwa simu, muulize muuzaji: duka liko wapi, dawa ina nini, namba ya toleo ni ipi. Mwambie akutumie picha ya boksi pande zote. Mwonyeshe mfamasia picha hiyo kabla ya kutuma hela.

Hatua ya 4. Taka kulipa baada ya kuona. Akikataa kabisa, mwache.

Hatua ya 5. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linaloonekana kwenye simu. Je, ni jina la duka ulilotajiwa, au ni la mtu mwingine kabisa? Likitofautiana, usimalize.

Hatua ya 6. Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akisema anataka kukurudishia hela. Kurudishiwa hela hakuhitaji namba ya siri. Huo ni wizi wa mara ya pili.

Kama umeshadanganywa:

Acha kupaka au kumeza. Kichwa kikiwasha, kikivimba au kutoa malengelenge, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda kituo cha afya na chupa yako. Wataalamu watataka kuisoma.

Usifute ujumbe wa simu. Usitupe boksi, chupa wala risiti ya basi. Hivyo ndivyo ushahidi wako.

Piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, ueleze muamala. Ukiwahi, huenda hela ikazuiwa kabla haijatolewa. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kisha toa taarifa polisi. Utapeli wa kwenye simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kuhusu dawa yenyewe, mweleze mfamasia wa wilaya au afisa afya wa kata. Wao wataifikisha TMDA au TBS, ambao wana ofisi za kanda Mwanza. Usione haya. Ukinyamaza, chupa ile ile itauzwa kwa jirani yako.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bandia: kitu kilichotengenezwa ili kifanane na cha kweli, kwa nia ya kudanganya.
Duni: kitu cha kweli lakini chenye ubora mdogo.
Kiambato: kitu kimoja kati ya vilivyochanganywa kutengeneza dawa.
Toleo: dawa zilizotengenezwa kwa pamoja, zenye namba moja.
Muamala: kutuma, kupokea au kutoa hela.

MASWALI

1. Taja sababu nne za nywele kunyonyoka.
2. Kwa nini mapunye ya kichwani hayatibiwi kwa kupaka peke yake?
3. Nywele hukua karibu milimita 10 kwa siku 30. Kwa siku 15 zitakua milimita ngapi? Muuzaji anasema zitakua sentimita 5. Utamjibu nini?
4. Boksi limeandikwa: MFG 06/2025, EXP 05/2024. Kuna kosa gani hapa?
5. Boksi lina B.No. 4471. Chupa ina B.No. 4417. Je, utaitumia dawa hiyo? Eleza.
6. Muuzaji anasema dawa yake haina madhara yoyote. Kwa nini maneno hayo yatutie shaka?
7. Taja vitu vitatu ambavyo aliyedanganywa hapaswi kuvitupa au kuvifuta.

KAZI YA KIKUNDI

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kusoma. Nasi tufanye hivyo. Wiki hii kila mwanakikundi alete boksi moja au chupa moja ya dawa au mafuta kutoka nyumbani. Mtafute jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Itakayokosa hayo iwekwe pembeni, apelekewe mfamasia aitazame. Asiyejua kusoma bado akae karibu na anayejua, wasome pamoja.

Ndugu wasomaji, zamani tulisema tunajifunza kusoma ili tusidanganywe kwenye mizani ya pamba. Mizani bado ipo, na sasa simu imeongezeka. Anayekuharakisha ulipe kabla hujasoma, huyo mtilie shaka.

SOMA KWANZA, ULIPE BAADAYE.